Daftari na Mali

Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni maarufu katika maduka ya pwani na katika maghala ya bara, na mfanyabiashara aliyeidharau hana haja ya kuelezwa maana yake. Hasara imekwisha kumweleza. Walakini methali husema upande mmoja wa jambo. Haisemi ni nini huwapata watu siku ile daftari linapopotea na mali ikasalia. Magunia yapo, yamejaa, hayakuguswa na panya wala mvua, lakini hapana ajuaye gunia lipi ni la nani. Hiyo nayo ni hasara, tena ni hasara ya namna ya peke yake, kwa kuwa mwenye kuipata huiona mali kwa macho wala hawezi kuitaja. Nataka kueleza hapa hasara ya namna hiyo kama inavyotokea ndani ya kompyuta, hasa katika seva ndogo ya nyumbani, wakati mashine inapowashwa nayo ikakataa kuamka mpaka hesabu yake ikaguliwe.

Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya diski na nyaya. Jibu langu ni fupi. Fasihi simulizi ya leo hailali tena katika vichwa vya wazee peke yake, wala katika karatasi. Hulala katika diski. Mwenye kuifundisha yampasa ajue mahali inapolala pamejengwaje, kama vile mwenye kusoma miswada ya zamani alivyopaswa kujua habari za wino na mchwa.

Seva ninayoisema ipo Mbuba, wilaya ya Ngara, katika nyumba ya marehemu baba yangu, ambamo sasa hukaa kaka yangu na jamaa yake. Si mtambo wa fahari. Ni kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini miaka mingi, ikauzwa kwa bei ya kuitupa, ikatiwa mfumo wa Linux na diski ya pili yenye nafasi ya terabaiti 1. Kazi yake ni kutunza sauti. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka ya 1980 alikuwa na kinasa sauti cha kaseti. Kila likizo alitembea katika vilima vya Ngara, na mara nyingine akafika upande wa Biharamulo, akiwaomba wazee wamsimulie hadithi, vitendawili na habari za koo. Waliomsimulia walisema Kishubi na Kihangaza, lugha mbili ambazo ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Hakuwa mtaalamu, wala hakutunga kitabu. Alikuwa na mwandiko mzuri tu, na juu ya kila kaseti alibandika kipande cha karatasi chenye jina la msimuliaji, kijiji chake, na mwaka.

Kaseti haikuumbwa idumu. Ukanda wake ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na ukikaa miaka 40 katika unyevu hunata, hukunjamana, na mwisho hukatika. Nyingi za kaseti hizi zilikubali kuchezwa mara moja tu, kama mgonjwa aliyebakiza neno moja. Vibandiko navyo vilikuwa vimeliwa na mende. Mpwa wangu, mtoto wa kaka, aliyefanya kazi hii katika likizo zake, alivisoma kwa taa, akayaandika maneno yake katika majina ya mafaili, kisha vikageuka unga mikononi mwake. Fungu la kwanza la sauti lilikwisha kupelekwa Dar es Salaam. Fungu la mwisho, mafaili 64, lilikuwa bado Mbuba. Saa moja ya sauti, ikinaswa kwa kiwango kinachotakiwa na watunza kumbukumbu, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde za biti 24 katika njia mbili, hutwaa karibu gigabaiti 1. Mtandao wa simu wa vilimani haubebi mzigo huo kwa siku moja wala kwa wiki. Mzigo kama huo hubebwa kwa basi.

Kabla ya siku ya basi ikaja radi. Wilaya ya Ngara si ya giza kama ilivyokuwa. Katika maporomoko ya Rusumo, mpakani mwake, maji ya mto Kagera huzalisha megawati 80 zinazogawanywa sawasawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na mitambo hiyo ilianza kutoa umeme mwaka 2023. Lakini kukaa karibu na maporomoko si kinga ya radi. Umeme ulikatika wakati diski inaandika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya tatu seva haikuamka.

Hapa sina budi kuacha kisa nieleze ghala lilivyopangwa, maana bila hayo msomaji hataona tulikuwa tunahofu nini. Fikiria ghala la kahawa la chama cha ushirika, lenye vyumba vidogo vidogo vya ukubwa mmoja. Vyumba hivyo katika diski huitwa bloku, na kila bloku aghalabu ina nafasi ya baiti 4,096. Mzigo mkubwa huenea katika vyumba vingi, tena si lazima viwe vimepakana. Kwa hiyo kila mzigo una kadi yake, ambayo mafundi huiita inodi. Katika kadi hiyo huandikwa uzito wa mzigo, mwenyewe, tarehe, na namba za vyumba ulimowekwa. Yote yameandikwa humo ila jambo moja, nalo ni jina. Jina halimo katika kadi. Jina limo katika daftari jingine liitwalo saraka, ambalo kazi yake ni moja tu, kusema kwamba jina fulani ni la kadi namba fulani.

Nilipoelewa jambo hili mara ya kwanza nilistaajabu. Sisi twadhani faili ni jina lake, kama tunavyodhani mtu ni jina lake. Mashine haidhani hivyo. Kwayo faili ni namba, na jina ni habari ya pembeni iliyoandikwa mahali pengine kwa faida ya wanadamu. Faili moja laweza kuwa na majina mawili, na laweza kukosa jina kabisa wala lisipungukiwe na baiti hata moja.

Sasa, kuandika faili jipya si tendo moja. Lazima vyumba vitafutwe, kadi ijazwe, jina litiwe katika saraka, na hesabu ya vyumba vilivyobaki wazi ipunguzwe. Umeme ukikatika katikati ya matendo haya, daftari husema neno na ghala likasema jingine. Ndiyo sababu mifumo ya kompyuta tangu zamani ina mkaguzi. Katika jamaa ya Unix mkaguzi huyo huitwa fsck. Aliandikwa na T. J. Kowalski wa Bell Labs katika miaka ya 1970, akachukua mahali pa programu kadhaa ndogo ambazo kila moja ilikagua upande mmoja tu. Linux ilipopata mfumo wa ext2 mwaka 1993, ilikuwa na mkaguzi wake, na kila mashine ilipozimwa kwa ghafula ukaguzi wa ghala zima ulifanywa kwanza, hata kama ni kwa saa nzima. Mwaka 2001 mfumo wa ext3 ukaleta desturi ambayo karani yeyote mwangalifu angeitambua: kabla ya kugusa leja, andika kwanza katika daftari la siku kile unachokusudia kutenda. Umeme ukikatika, mashine husoma daftari la siku, ikakamilisha kilichobaki au ikakitupa, na kuendelea. Mfumo wa ext4, uliokamilika mwaka 2008 na unaotumika katika seva yetu, una desturi hiyo hiyo.

Kwa hiyo watu wengi wamesahau kwamba mkaguzi yupo. Hufanya kazi yake kwa nukta chache, akanyamaza. Akisema, ni kwa kuwa jambo limepita uwezo wa daftari la siku. Daftari la siku hulinda kazi iliyokatizwa. Halilindi chumba kilichobomoka. Kama sehemu ya diski imeharibika isisomeke, au kama diski imedai kuwa imeandika kitu ambacho bado kilikuwa katika kumbukumbu yake ya muda, hapo leja na ghala hutofautiana bila shahidi.

Seva yetu ilitupa maneno mawili juu ya kioo. La kwanza lilikuwa kwamba diski hii ilitumiwa mara ya mwisho katika wakati ujao. Miaka yangu ya kufundisha nyakati za vitenzi haikunitayarishia sentensi hiyo. Hata hivyo maana yake ni nyepesi. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya volti 3 ifananayo na sarafu, ambayo huiendesha saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, saa husahau yote. Tulipofungua ukurasa wa mipango ya mashine tulikuta tarehe ya Januari 2011. Diski ilikuwa imeandikwa tarehe ya kweli, mashine iliamini ni 2011, basi kwa hesabu yake diski ilitoka katika siku zisizofika. Kosa hili halina madhara kwa mali. Mtu husahihisha saa, akanunua betri. Nalitaja kwa sababu watu wengi hulikuta, hushtuka, huanza kuzijibu hofu zao badala ya kuijibu mashine.

Neno la pili halikuwa la mzaha. Lilisema kuna kutolingana kusikotazamiwa, na kwamba fsck iendeshwe kwa mkono. Mkaguzi alitoka na namba 4. Namba hizi zafaa zijuliwe: 0 ni kwamba hapana kosa, 1, makosa yalikuwepo nayo yamesahihishwa, 2, yamesahihishwa lakini mashine iwashwe upya, 4, yamebaki bila kusahihishwa, 8, mkaguzi mwenyewe ameshindwa kufanya kazi. Namba 4 maana yake mkaguzi amefika mahali asipothubutu kuamua peke yake, na anamwita mwenye mali.

Hapa yafaa kuonya kidogo. Si kila seva inayokataa kuamka ina ugonjwa huu. Pengine diski ya nje imechomolewa tu, na orodha ya diski inasema lazima iwepo. Katika orodha hiyo neno nofail likiongezwa, mashine haitasimama kwa ajili ya diski isiyokuwepo. Pengine bloku kuu, iliyo kama jalada la leja, imeharibika. Mfumo huweka nakala zake mahali pengine, ya kwanza aghalabu katika bloku namba 32768, na mkaguzi huweza kuelekezwa huko. Sisi hatukuwa na bahati ya magonjwa hayo mepesi.

Mpwa wangu alikuwa amekaa mbele ya kioo, akaendesha mkaguzi kwa mkono. Mara swali likatokea, na mwisho wa swali mkaguzi mwenyewe alipendekeza jibu la ndiyo.

"Shangazi," akasema, "hapa inauliza tu. Tujibu ndiyo, twende tukalale."

"Inauliza nini, mwanangu?"

"Kuna bloku haisomeki. Inauliza kama ipuuze, halafu kama iandike upya mahali hapo."

"Iandike nini, na yenyewe haijasoma kitu?"

Alinyamaza akakitazama kioo. "Sifuri," akasema.

Kaka yangu, ambaye alikuwa mlangoni na taa mkononi, na ambaye si mtu wa kompyuta, alisema, "Basi hiyo si kutengeneza. Hiyo ni kupaka chokaa." Sijapata kusikia maelezo bora ya swali lile kutoka kwa fundi yeyote. Kuandika upya mahali pasiposomeka huifanya diski itenge mahali hapo na kutumia pengine. Ukaguzi utaendelea bila kikwazo, lakini chochote kilichokuwamo hakitapatikana tena kwa juhudi yoyote. Tukajibu hapana, tukaizima mashine.

Yako mabishano ya siku nyingi baina ya mafundi juu ya kumjibu mkaguzi. Wako wanaosema jibu ndiyo kwa kila swali, kwa kuwa hapana mtu mwenye akili ya kutosha kujibu maswali elfu juu ya namba za inodi, na programu yajua kuliko wewe. Wako wanaosema jibu moja moja kwa mkono. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya swali lisilo la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mkono wa mkaguzi umeshika mali yenyewe, au nakala yake? Ikiwa ni mali yenyewe, kila ndiyo ni hatari. Ikiwa ni nakala, jibu ndiyo mpaka uchoke, maana kosa lolote litafutwa kwa kunakili tena. Mkaguzi si mwokozi wa mafaili. Aliundwa ili leja ipatane na ghala, na njia mojawapo ya kupatanisha ni kulifuta lisilopatana. Mtu asiyejua hilo humpa kazi isiyo yake, kisha humlaumu.

Asubuhi tuliazima diski ya pili kwa fundi mmoja wa Ngara mjini, yenye nafasi iliyozidi ya kwetu, tukatumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Uzuri wa programu hii ni subira yake. Huchukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa wepesi, ikaruka panapogoma, ikaandika ramani ya mahali iliporuka, kisha hurudi hapo kidogo kidogo, mara nyingi kadiri ilivyoagizwa. Mlango wa mashine ulikuwa wa zamani, kwa hiyo kazi ilikwenda karibu saa kumi. Mpwa wangu alikaa nayo kama mtu anayelinda mtama. Mwishoni, katika baiti zaidi ya trilioni 1, zilibaki 4,096 zisizosomeka. Tuliirudisha programu mahali pale usiku kucha. Hapakuwa na badiliko. Bloku moja.

Ndipo tukamwendesha mkaguzi juu ya nakala, kwanza kwa amri ya kutazama bila kugusa kitu, kisha kwa ndiyo. Ukaguzi wake huenda kwa hatua tano, nami nilizifuata kwa makini, kwa kuwa zimepangwa kwa mantiki ambayo ningependa kuiona katika tasnifu za wanafunzi wangu. Kwanza husoma kila kadi, akatazama kama vyumba ilivyovitaja vipo, na kama kadi mbili hazidai chumba kimoja. Pili husoma kila saraka, akatazama kama majina yanaelekea kwenye kadi zilizo hai. Tatu huhakikisha kwamba kila saraka inafikika kutoka katika shina. Nne huhesabu majina: kila kadi husema ina majina mangapi, naye hulinganisha na aliyoyaona. Tano hulinganisha hesabu za vyumba wazi na vilivyojaa.

Katika hatua ya pili ikajulikana bloku ile ilikuwa ni nini. Haikuwa kipande cha sauti. Ilikuwa saraka ya fungu la mwisho. Majina 64, kila moja likiwa na msimuliaji, kijiji na mwaka, yalikuwa yameenea katika bloku moja, na bloku hiyo ndiyo iliyokufa. Gigabaiti zote za sauti zilikuwa salama, hazikupungua hata sekunde. Katika hatua ya nne mkaguzi alizikuta kadi 64 zinazodai kuwa na jina moja kila moja, wala jina halikuonekana popote. Akauliza, mara 64, kama aziunganishe na saraka iitwayo lost+found, ndiyo kusema vilivyopotea vikaonekana. Saraka hii huwekwa tayari katika kila diski ya namna hii tangu siku ya kuandaliwa, na watu wengi huishi na kompyuta miaka 20 bila kuona kitu ndani yake. Sisi tulikuta mafaili 64, kila moja limepewa alama ya reli na namba ya inodi yake, basi.

Kisha mkaguzi akamaliza, akatangaza diski ni safi. Neno hilo nalitafakari mpaka leo. Ni neno la kweli. Leja ilipatana na ghala, kila chumba kilikuwa na kadi, kila kadi ilikuwa na jina, ingawa jina lenyewe ni namba. Kwa kipimo cha mkaguzi hapakuwa na kasoro. Lakini msimulizi wa hadithi wa Kishubi si namba, na mjukuu wake akija kuuliza sauti ya babu yake, hatauliza kwa namba ya inodi. Usafi wa mkaguzi ni kupatana kwa hesabu. Haumhakikishii mtu kwamba hesabu yasema kweli, wala kwamba imesema yote. Nimewaona wakaguzi wa namna hiyo pia nje ya kompyuta.

Kadi, kama nilivyosema, huhifadhi tarehe, na tarehe zingetupa mpango wa mafaili. Lakini saa yetu ilikuwa imekufa zamani kuliko tulivyojua; kila umeme ulipokatika na mtandao haupo, mashine ilirudi nyuma, kwa hiyo baadhi ya sauti zilionyesha kuwa zilinakiliwa mwaka 2011, kabla diski yenyewe haijatengenezwa. Namba za inodi zilisaidia zaidi. Mafaili yaliyoandikwa kwa kufuatana katika saraka moja aghalabu hupata namba zinazofuatana, na hivyo tuliweza kujua pande mbili za kaseti moja.

Msaada mkubwa ulitoka mahali tusipotazamia. Zamani mpwa wangu alikuwa ametia katika seva programu ya kutafuta mafaili kwa jina. Programu hiyo kila siku hupita diski zote, ikaandika orodha ya majina iyaonayo, na orodha yake ilikuwa katika diski ya kwanza, ambayo haikudhurika. Tulipoifungua tulikuta majina 61; mafaili matatu yaliongezwa siku ile ile ya radi, na hayo mpwa wangu aliyakumbuka kwa kichwa. Basi tukawa na majina yote. Lakini orodha ile haikuandika namba za kadi. Upande mmoja tulikuwa na majina yasiyo na sauti, upande wa pili sauti zisizo na majina, na kati yao hapakuwa na programu ya kuvuka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya masikio. Baba alikuwa na desturi ya kumwomba msimuliaji ajitaje mwanzoni, na waliokubali walitupa jawabu mara moja. Mafaili 29 yalipata majina yao kwa siku mbili. Wengine walianza hadithi bila salamu. Katika hao, tuliwatenga waliosema Kishubi na waliosema Kihangaza, jambo ambalo si rahisi kama linavyoandikwa, kwa kuwa katika vijiji vya Ngara watu wameoana na kuazimana maneno mpaka mzee mmoja aweza kuanza sentensi kwa lugha hii akaimaliza kwa ile. Mimi mwenye shahada ya udaktari nilikosea mara kadhaa pale ambapo mama mmoja jirani, ambaye hakupata kusoma, aliamua kwa neno moja: huyu ni wa ng'ambo ile ya kilima, msikilize anavyosema "jana".

Habari zilienea. Watu walianza kuja jioni, wakakaa uani chini ya migomba, na mpwa wangu akawasha sauti moja baada ya nyingine. Nilijifunza kwamba mtu hutambuliwa kwa mambo ambayo hakuna kadi inayoyaandika. Bibi mmoja alimtambua baba yake kwa kikohozi, kabla hajasema neno. Mzee mmoja hakuitambua sauti, lakini aliitambua hadithi: alisema katika kijiji chao fisi huyo hudanganywa na sungura mara mbili, na mtu mmoja tu alisimulia kwa mara tatu, akamtaja. Mwingine alimtambua msimuliaji kwa jogoo. Sikuamini, mpaka watu watatu waliokuja siku mbalimbali walipocheka mahali pale pale, wakasema jogoo huyo alikuwa na sauti ya kukatika, akasumbua kijiji kizima. Kila jina lililopatikana tulilihakikisha kwa watu wawili wasiosikilizana, kisha tukaliandika ndani ya faili lenyewe, katika sehemu ya mwanzo inayokubali maelezo, na pia katika daftari la karatasi. Jina la faili laweza kupotea tena. Maelezo yaliyo ndani ya faili husafiri pamoja na sauti.

Lilikuwapo jambo moja la kuhuzunisha. Wanawake wawili walidai sauti moja kuwa ni ya mama yao, kila mmoja mama yake, nao hawakuwa ndugu. Sauti ilikuwa ya uimbaji, na kuimba hubadili sauti. Tuliicheza mara nyingi. Mmoja wao mwishowe alisema, "Mpe mwenzangu. Mimi wangu nilimsikia mpaka siku za mwisho, yeye wake alimwacha mdogo." Kaka yangu aliandika katika daftari majina yote mawili, na nadhani alitenda sawa, ingawa katalogi ya maktaba haina mahali pa kuandikia jambo la namna hiyo.

Seva imetiwa betri mpya ya saa, na betri kubwa ya kuishikilia dakika chache umeme unapokatika, kiasi cha kuizima kwa amani. Diski iliyokufa bloku moja tumeiondoa katika kazi, lakini hatukuitupa. Nakala mbili za fungu lile zimekwenda Dar es Salaam kwa basi, katika mifuko miwili ya watu wawili.

Mpaka ninapoandika haya yamebaki majina matatu na sauti tatu. Kwa hesabu ya kubahatisha tungeweza kuyagawa, tumekataa. Sauti mbili ni za wanaume wasimuliaji wa habari za koo, na huenda mwaka ujao atapatikana mzee wa Biharamulo wa kutusaidia. Ya tatu ni ya mwanamke. Baba anasikika akimwomba ajitaje. Mwanamke anacheka, anamwambia kwa Kishubi kwamba mwalimu anamjua yeye ni nani, tena amekuja kwake mara ngapi. Kisha anaanza hadithi. Faili hilo bado linaitwa kwa namba yake.